Kupiga Picha na Kupigwa Picha: Uhakiki wa Hisia katika Taswira za Vita

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kulitumia neno taswira kwa maana ya picha inayojengeka akilini mwa msomaji kutokana na maneno ya msanii. Neno hili lina mzizi mmoja na neno sura, na yote mawili yametoka katika Kiarabu. Sura, katika Kiswahili, ni uso wa mtu. Vilevile ni sehemu ya kitabu. Makala haya yanaanzia katika maana hizo mbili. Hoja yetu ya msingi ni kwamba picha ya vita humpa mtazamaji sura kwa maana ya kwanza na kumnyima sura kwa maana ya pili: humwonyesha uso wa mtu aliye katika mateso, lakini haimsimulii yaliyotangulia wala yaliyofuata. Nguvu ya picha hiyo ya kuzisisimua hisia hutokana na upungufu uo huo, na hatari yake huchimbuka papo hapo.

Yamkini msomaji atauliza mhakiki wa fasihi ana kazi gani na picha za magazeti. Jibu letu ni kwamba picha hizi nazo husomwa. Zina mtunzi, zina mhusika, zina hadhira, na zina mtazamo ambao kwao tukio huelezwa. Haya ni mambo ambayo tumeyadadisi katika riwaya na tenzi kwa miaka mingi, na hakuna sababu ya kuyasahau pindi maneno yanapotoweka na kuacha uso mtupu. Tutachambua picha chache zilizopigwa Afrika Mashariki na katika nchi jirani baina ya mwaka 1984 na 2019, tukiongozwa na swali moja: hisia inayoamshwa na picha humwachia mtazamaji deni gani kwa yule aliyepigwa picha?

Mpiga-picha na mpigwa-picha

Kiswahili husema kupiga picha. Hatutaki kulishurutisha neno hili litwambie zaidi ya liwezavyo, kwani tunapiga simu, tunapiga pasi na kupiga mbizi pasipo kumwumiza yeyote. Hata hivyo, kitenzi hiki kinapotiwa katika kauli ya kutendwa kinatufichulia jambo. Mtu hupigwa picha. Lugha imempa mtenda jina la kazi, mpiga-picha. Mtendwa haikumpa jina lolote la kudumu. Katika makala haya tutamwita mpigwa-picha, ili asipotee katika mjadala kama anavyopotea aghalabu katika maelezo mafupi yaandikwayo chini ya picha.

Katika studio ya mjini, pande hizi mbili hupatana. Anayepigwa picha huvaa nguo aitakayo, hukaa apendavyo, hulipa fedha na kuichukua picha yake nyumbani. Anajua itatazamwa na nani. Vita huvunja mapatano hayo yote. Aliyejeruhiwa, aliyefiwa au aliyekimbia nyumba yake hana nafasi ya kuvaa wala ya kukataa, na picha yake itatazamwa na watu asiowajua katika miji asiyoisikia. Huu ndio msingi wa maadili ya jambo hili, na mhakiki anayeanza kwa kusifu mwangaza na mpangilio wa picha kabla ya kuutambua msingi huo ameanza kazi yake katikati.

Ni muhimu pia kumtofautisha mpiga-picha na mtunzi wa utenzi. Mwengo wa Athumani, aliyetunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, aliviimba vita ambavyo hakuviona, vilivyokuwa vimepiganwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Mpiga-picha hana ruhusa hiyo. Hawezi kuipiga picha ya vita asipokuwapo vitani. Kwa sababu hiyo picha hudai kuaminiwa kuliko shairi, na kwa sababu hiyo pia humgharimu mpigaji. Tarehe 12 Julai 1993, Dan Eldon, Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss walikwenda kuliona jumba lililokuwa limeshambuliwa na helikopta za Marekani mjini Mogadishu. Waliuawa na umati wenye hasira. Maina na Macharia walikuwa Wakenya, na Eldon alikulia Nairobi. Machoni pa waliokuwa wamepoteza jamaa zao punde tu, huenda kamera haikutofautiana sana na zile helikopta. Adhabu ya kaburi aijua maiti, nasi hatuna budi kuwakumbuka hawa tunapowahoji wenzao.

Picha ya Ayod

Mwezi wa Machi 1993, Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga picha ya mtoto huko Ayod, kusini mwa Sudan, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtoto ameinama chini, paji la uso likikaribia kugusa udongo. Nyuma yake, hatua chache tu, ametua tumbusi. Gazeti la New York Times liliichapisha picha hiyo tarehe 26 Machi 1993. Wasomaji wengi waliuliza yaliyompata mtoto yule, hata siku chache baadaye gazeti likalazimika kuchapisha maelezo: mtoto alijikongoja akaendelea na safari baada ya ndege yule kufukuzwa, lakini haikujulikana kama alikifika kituo cha chakula. Mwaka 1994 picha hiyo ilipata Tuzo ya Pulitzer. Carter alijiua mwezi wa Julai mwaka uo huo.

Tuitazame picha hii kama tutazamavyo matini. Ina wahusika wawili na masafa mafupi baina yao. Tumbusi ni ishara ambayo haihitaji kufafanuliwa; kila mtazamaji anajua ndege huyu hungojea nini. Kwa kuwa ishara ni nzito hivyo, humeza kila kitu kilichomo. Mtazamaji huisoma picha kama kisa kilichokwisha andikwa mwisho wake: mtoto atakufa. Mtoto mwenyewe hugeuzwa kuwa mhusika bapa, asiye na mama, asiye na kijiji, asiye na jana. Anasimama badala ya njaa. Na baada ya kuzungushwa duniani kwa miaka mingi, anasimama badala ya Afrika nzima.

Lakini picha ilikuwa na jambo jingine. Katika mkono wa kulia wa mtoto yule kuna kikuku cheupe cha plastiki. Vikuku hivyo walivishwa watoto waliokwisha kuandikishwa katika kituo cha kugawia chakula. Kwa maneno mengine, mtoto yule hakuwa ametupwa. Alikuwa amepokewa, amepimwa na kutiwa katika hesabu. Mwaka 2011 gazeti la El Mundo la Uhispania lilichapisha habari kwamba alikuwa mvulana, si msichana kama ilivyodhaniwa, kwamba aliinusurika njaa ile, na kwamba alifariki kwa homa takriban mwaka 2007 akiwa kijana. Kwa muda wa miaka kumi na minane walimwengu walimlilia kama maiti mtu ambaye kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa hai.

Hatusemi haya ili kuwacheka waliolia. Machozi yao yalikuwa ya kweli. Tunachosema ni kwamba hisia ilitangulia usomaji, kisha ikauzuia. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha, alitofautisha mvuto wa jumla wa picha na ile nukta ndogo inayomchoma mtazamaji bila ya kutazamiwa. Katika picha ya Ayod, kinachomchoma kila mtu ni tumbusi, nacho kimewekwa mbele ya macho yetu kama mwiba uliochongwa. Kikuku, ambacho ndicho kilichobeba habari ya mtoto, hakikumchoma mtu. Tukiruhusiwa kutumia istilahi zetu, ishara ilishinda ushahidi.

Lawama nyingi zilimwendea Carter. Walikuwapo waliomfananisha na tumbusi wa pili. Shutuma hii, kwa maoni yetu, ni nyepesi mno, kwa kuwa humsamehe mtazamaji. Anayemlaumu mpiga-picha kwa kutombeba mtoto hupata faraja ya kudhani kwamba yeye angembeba. Swali la kifasihi ni jingine: kwa nini hadhira ilitosheka na sura moja ya kisa, na ikachukua muda mrefu hivyo kuitafuta sura ya pili?

Vita vilivyoachwa nje ya fremu

Suala la kilichoonyeshwa haliwezi kutengwa na suala la kilichoachwa. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliirekodi njaa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mwezi wa Oktoba 1984, akiwa pamoja na mtangazaji Michael Buerk. Filamu yao ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba, kisha ikaenea katika vituo vya televisheni vya nchi nyingi. Kutokana nayo zilichangwa fedha nyingi, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha makubwa ya muziki London na Philadelphia. Watu waliokolewa. Mhakiki yeyote anayeusahau ukweli huu kwa ajili ya nadharia hana haki ya kusikilizwa.

Pamoja na hayo, tuulize filamu ile iliacha nini. Ethiopia ya mwaka 1984 ilikuwa vitani. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na majeshi ya ukombozi ya Tigray na Eritrea, na njaa ilizidishwa na mashambulizi, na masoko yaliyovurugwa na njia zilizofungwa. Hayo hayakuonekana katika nyuso za Korem, kwa sababu uso wenye njaa hauwezi kutaja jina la aliyeifunga njia. Maneno yaliyoandamana na taswira hizo yalilinganisha hali ile na njaa za katika Biblia. Ulinganisho huu, japo ulikuwa na nguvu kubwa ya kisanaa, uliliondoa tukio katika historia na kuliweka katika ngano. Njaa ikawa kazi ya mbingu na mvua. Mtazamaji alipewa mtu wa kumhurumia, hakupewa mtu wa kumwuliza.

Hapa inafaa tuone kwamba huruma ina mipaka yake. Mwenye kuhurumia husimama juu kidogo ya anayehurumiwa. Hutoa, na baada ya kutoa huona kwamba amemaliza. Susan Sontag alidai mwaka 1977 kwamba kuziona picha za maafa mara kwa mara hudumaza hisia; mwaka 2003 alirudi kwenye suala hili na kulitilia shaka dai lake mwenyewe. Nasi tunaona kwamba tatizo halimo katika wingi wa picha peke yake. Huruma huchoka upesi endapo haikupewa maarifa ya kuishikilia. Mtu hawezi kuendelea kulia kwa ajili ya jambo ambalo hakuelezwa chanzo chake.

Macho yasiyo na pazia

Wahenga wetu walisema kwamba macho hayana pazia. Methali hii hutumiwa kumwambia mtu kwamba hawezi kuwazuia wengine wasione. Ndani yake, hata hivyo, umo utambuzi kwamba pazia lingehitajika mahali. Katika utamaduni wa Waswahili, na wa jamii nyingi za Kenya, maiti hufunikwa. Jambo la kwanza afanyalo mpita njia anapokuta aliyefariki ni kumtafutia shuka au kanga. Kumsitiri ni haki yake ya mwisho, wala haitegemei kama tulimjua.

Tarehe 15 Januari 2019 magaidi waliishambulia hoteli ya DusitD2 na majengo jirani katika eneo la 14 Riverside, Nairobi. Watu 21 waliuawa. New York Times lilichapisha picha ya baadhi ya waliouawa wakiwa bado wameinamia meza za mkahawa, na Wakenya wengi wakalalamika kwa ghadhabu. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya nalo liliingilia kati na kulitaka gazeti liiondoe picha hiyo. Gazeti lilijitetea kwa kusema kwamba lilitaka kuonyesha ukweli wa kitisho kile. Walalamikaji waliuliza kama wafu wa New York wangeonyeshwa hivyo hivyo.

Tofauti ya pande hizi haikuwa juu ya ukweli wa picha. Kila mmoja alikubali kwamba mambo yalitokea. Tofauti ilikuwa juu ya hadhira. Kwa msomaji wa mbali, wale walikuwa wafu wa mahali fulani. Kwa msomaji wa Nairobi, mmojawao aliweza kuwa ndugu anayetafutwa tangu jana, anayetambuliwa kwa shati lake kabla ya familia kupashwa habari na mtu. Picha moja, tena ile ile, ilikuwa habari kwa mmoja na tanzia kwa mwingine.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Sitara ikizidi huweza kumsaidia muuaji. Katika mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, baina ya Aprili na Julai 1994, picha za uuaji wenyewe zilikuwa chache mno. Nyingi tulizo nazo ni za baadaye, za miili na za wakimbizi. Lau ushahidi ungeonekana mapema, huenda wakubwa wa dunia wangepata tabu zaidi kujifanya hawajui. Alfredo Jaar, msanii mzaliwa wa Chile, alikwenda Rwanda mwezi wa Agosti 1994 akapiga picha nyingi. Katika kazi yake ya mwaka 1995 aliyoiita Real Pictures, alizifungia picha katika masanduku meusi, na juu ya kila sanduku akaandika maelezo ya picha iliyomo ndani. Mtazamaji hakuruhusiwa kuona, alitakiwa asome.

Kwa mwanafasihi, kazi hii ina mafunzo makubwa. Jaar hakuukataa ushahidi, wala hakuufuta. Aliuwekea pazia la maneno. Aliyeingia akitaka kutazama alijikuta akisoma juu ya mahali, tarehe na hali ya mtu, na taswira ikajengeka akilini mwake polepole, kama ijengekavyo ya shairi. Sura ya kitabu ilitangulia sura ya uso. Tunakiri kwamba njia hii haiwezi kutumiwa na gazeti la kila siku. Lakini inatuthibitishia kwamba baina ya kuonyesha kila kitu na kuficha kila kitu ipo nafasi ya sanaa.

Picha zinaporudi mtaani

Mfano wetu wa mwisho unatoka nyumbani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilitumbukia katika ghasia zilizoendelea hadi mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Boniface Mwangi alizipiga picha ghasia hizo akiwa mpiga-picha wa gazeti la The Standard. Mwaka 2009 alianzisha maonyesho aliyoyaita Picha Mtaani, ambayo yalizichukua picha za wakati ule na kuzipeleka katika barabara na viwanja vya miji ya Kenya, watu wakazitazama bila kiingilio.

Jina lenyewe ni la kuzingatiwa. Kiambishi -ni katika neno mtaani kinataja mahali, na mahali ndipo penye uzito wote wa kazi hii. Picha zilizokuwa zimesafiri mbali kupitia mashirika ya habari zilirudishwa zilikotoka. Hadhira yake ilikuwa muuza mboga, mwanafunzi, utingo na mzee apitaye kwenda sokoni. Katika umati huo aliweza kusimama aliyechomewa nyumba, na kando yake aliyeichoma. Picha ya kijana aliyeshika panga haikuweza tena kuwa picha ya Mwafrika asiyejulikana. Alikuwa mtu wa mtaa fulani, mwenye jamaa, na yamkini bado anaishi hapo.

Kwa maoni yetu, hapa hisia hubadilika jina. Huruma ni hisia ya mtu aliye mbali. Anayetazama picha ya jirani yake aliyeuawa na jirani yake mwingine huingiwa na hisia ambayo Kiswahili huiita haya. Haya si aibu ya kukamatwa tu. Ni ule utambuzi wa moyoni kwamba utu wangu umepungua kwa jambo lililotendwa mbele yangu. Huruma huniruhusu kutoa nikaondoka. Haya haziniruhusu kuondoka, maana mtaa ni wangu. Ndiyo sababu tunaona kwamba Picha Mtaani ilipiga hatua ambayo picha ya Ayod, pamoja na tuzo yake, haikuweza kuipiga. Tofauti haikuwa ya ustadi wa macho wala ya ubora wa kamera. Ilikuwa ya mahali na ya hadhira.

Tusiifanye kazi hii kuwa kamilifu. Kumwonyesha aliyeumia jeraha lake ni kutonesha kidonda, na si kila kidonda kinachotoneshwa hupona. Zaidi ya hayo, swali la ridhaa linabaki palepale: aliyelala barabarani mwezi wa Januari 2008 hakuulizwa kama alitaka kuwa somo la taifa. Wema wa kusudi hauondoi deni hilo. Hupunguza tu umbali baina ya mdai na mdaiwa, na hiyo ni hatua.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nguvu ya picha ya vita haimo ndani ya picha peke yake. Imo katika uhusiano wa watu watatu: mpiga-picha, mpigwa-picha na mtazamaji. Pale ambapo mtazamaji yuko mbali na hakupewa maelezo, hisia huwa huruma, nayo huweza kuokoa maisha kama ilivyokuwa mwaka 1984, lakini huchoka na hukosea, kama ilivyokosea juu ya mtoto wa Ayod. Pale ambapo picha imerudishwa kwa wenyewe, hisia huwa haya, nayo humdai mtazamaji kwa muda mrefu zaidi.

Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba mhakiki anayeikabili picha ya vita aulize mambo matatu kabla ya kuusifu ustadi wake. Kwanza, ni kitu gani kilichomo ambacho ishara kubwa inakifunika? Kila picha ina kikuku chake. Pili, ni nani aliyeachwa nje ya fremu, hasa yule ambaye angestahili kuulizwa? Tatu, picha inaonyeshwa wapi, na je, mpigwa-picha au jamaa yake angeweza kusimama mbele yake bila kuvunjiwa heshima?

Idara zetu huwafundisha wanafunzi kuichambua taswira ya kilio katika shairi kwa muda wa saa nzima, kisha wanafunzi hao hao hutoka darasani wakakutana na kilio cha kweli katika ukurasa wa kwanza wa gazeti au katika simu zao, wakakipitia kwa nukta chache. Stadi wanayoihitaji tayari wanayo. Kilichobaki ni sisi waalimu kuifungua milango ya somo letu ili picha iingie, ikae mezani pamoja na riwaya na utenzi, na isomwe kwa subira ile ile.